Uhamisho wa Musinga

Uhamisho wa Musinga ni tukio la Novemba 1931 ambapo Yuhi wa Tano Musinga, mwami wa Rwanda tangu 1896, aliondolewa katika makao ya kifalme ya Nyanza na kupelekwa Kamembe, katika eneo la Cyangugu. Leo Kamembe imo wilayani Rusizi. Uamuzi ulitolewa na Gavana Charles Voisin wa Ubelgiji, akiungwa mkono na Askofu Léon Classe. Musinga alikuwa amekataa ubatizo na kupinga kupunguzwa kwa mamlaka yake. Mama yake, Kanjogera, alihama pamoja naye. Nyanza haikuwa nyumba tu: jamaa, watumishi na miiko ya ufalme viliishi humo, na ukoo ulipoteza vyote kwa siku chache. Kiti cha enzi kilibaki kwa Rudahigwa, mwana wa Musinga, aliyejengewa kasri la kizungu katika kilima cha Rukari. Mwaka 1940 Musinga alihamishiwa Moba, Kongo, akafia huko 1944. Nyumba ya msonge ya kifalme inayoonyeshwa leo Rukari ni ya kujengwa upya.