Kutoka Mazoezi ya Kiwandani hadi Mchujo wa Ajira: Historia ya Usaili wa Mafunzo Tarajali ya Programu za Kompyuta katika Vyuo vya Teknolojia vya India

Katika vyuo vya teknolojia vya India, vijulikanavyo kwa kifupi kama IIT, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetaka mafunzo tarajali katika kampuni ya programu za kompyuta huanza kusailiwa miezi mingi kabla ya mafunzo yenyewe. Huwasilisha wasifu wake katika ofisi ya ajira ya chuo, hufanya mtihani wa kuandika programu kwa muda uliopimwa, na akivuka hapo hukabili saili mbili au tatu, mara nyingi kwa siku moja. Utaratibu huu umezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ulizaliwa pamoja na vyuo hivyo. Historia inaonyesha vingine.

IIT ya kwanza ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, zikafuata za Bombay mwaka 1958 na za Madras na Kanpur mwaka 1959. Dola changa ilihitaji wahandisi wa mabwawa, chuma na umeme. Mwanafunzi alipelekwa kiwandani wakati wa likizo kama sehemu ya masomo yake, akarudi na ripoti. Sheria ya Uanagenzi ya mwaka 1961, iliyopanuliwa mwaka 1973 ili kuwajumuisha wahitimu wa uhandisi, ilibeba fikra hiyohiyo: mwanagenzi ni mtu anayefundishwa, na mwenye kiwanda ana wajibu wa kumfundisha. Kompyuta wakati huo ilikuwa kitu adimu. Kanpur ilipata mashine ya IBM 1620 mwaka 1963 kupitia ushirikiano na vyuo vya Marekani, na wanafunzi wakajifunza kuandika programu kwa kadi zilizotobolewa.

Badiliko lilitoka nje ya vyuo. Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968. IBM ikaondoka India mwaka 1978 baada ya kutokubaliana na serikali kuhusu umiliki wa kampuni za kigeni. Infosys ikaanzishwa mwaka 1981 na wahandisi saba kwa mtaji wa rupia 10,000. Baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1991, na hasa wakati dunia ilipohangaika kurekebisha tarehe za kompyuta kabla ya mwaka 2000, kampuni hizi ziliuza nje saa za kazi za waandishi wa programu. Biashara ya namna hiyo hukua kwa kuongeza watu. Ndipo zilipoviendea vyuo vya uhandisi na kuajiri kwa mamia, bila kujali sana iwapo kijana alisomea ujenzi au mitambo, kwa kuwa zilikusudia kumfundisha upya. Waombaji walipokuwa wengi kuliko wasaili, ukazoeleka mchujo rahisi wa asilimia 60 ya alama, tena kuanzia mitihani ya sekondari. Alama za mtoto wa miaka 15 zikawa kizingiti cha ajira ya mtu mzima. Ulikuwa mchujo wa gharama ndogo. Kuuita kipimo cha uwezo ni kuupa heshima isiyo yake.

Kampuni zilizotengeneza programu zake zenyewe, nyingi zikiwa za kigeni, zilifuata njia nyingine. Hizo hazikutaka mamia, bali wachache, na zikaona kwamba miezi miwili ya kiangazi ni usaili mrefu kuliko wowote unaoweza kufanywa chumbani. Aliyeridhisha alipewa ajira kabla ya msimu wa ajira kufunguliwa tarehe 1 Desemba. Hivyo mafunzo tarajali yakabadilika maana: kilichokuwa mwisho wa somo kikawa mlango wa kazi, na kujifunza kukatakiwa kutangulia. Mwanafunzi sasa alipaswa kujua algorithimu zote za usaili kabla ya kufika mahali alipoambiwa anakwenda kujifunza.

Hapa ndipo suala la haki linapojitokeza. Sheria ilitenga sehemu ya nafasi za udahili kwa jamii zilizobaguliwa kitabaka: asilimia 15 kwa makundi ya Scheduled Castes na 7.5 kwa Scheduled Tribes. Mwajiri binafsi hakufungwa na utaratibu huo. Msaili akiuliza nafasi ya mwanafunzi katika mtihani wa kuingia chuoni, jibu linaweza kufichua tabaka bila tabaka kutajwa. Mwaka 2023 IIT Bombay ilitoa mwongozo kwamba haifai wanafunzi kuulizana nafasi hizo. Mwongozo uliwalenga wanafunzi. Mwenye kuajiri aliketi upande mwingine wa meza.

Udhaifu wa chuo mbele ya mwajiri ulidhihirika pia pale ahadi za ajira zilipoahirishwa au kufutwa, kama ilivyotokea baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Mwaka 2016 kamati ya pamoja ya ajira ya IIT ilizifungia kampuni 31, nyingi zikiwa changa, kwa makosa ya aina hiyo. Adhabu ilikuwa kutokanyaga chuoni. Lakini vyuo vingi vina kanuni kwamba mwanafunzi aliyekwisha kupata nafasi hujiondoa katika saili nyingine ili wenzake nao wapate. Aliyefutiwa ajira mwezi Juni alikuwa ameitii kanuni hiyo tangu Desemba, na kampuni ambazo angeweza kuziendea zilikuwa zimekwisha kujaza nafasi zake na kuondoka.