Ekifaananyi

Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipompiga picha Kabaka Mutesa wa Kwanza pamoja na wakuu wake, Buganda ilikuwa tayari na neno la kukilaki kitu kile kigeni; maana ekifaananyi, litokanalo na okufaanana, yaani kushabihiana, halibagui baina ya picha ya kamera, mchoro na sanamu, bali lashuhudia kwamba kitazamwacho kimefanana na asili yake. Nalo, kwa rai yangu, lina insafu kuliko lile la Kiyunani, photography, alilolieneza mwanasayansi John Herschel mjini London mwaka 1839, lenye maana ya maandishi ya nuru, kwa kuwa hilo lasifu ufundi, na la Kiganda lamwangalia aliyepigwa.

Sisi Waswahili tuliazima picha kwa Waingereza, ilhali taswira ya Kiarabu tunayo. Lakini katika kitendo chenyewe tumeafikiana na jirani zetu: studioni Kampala Mganda husema okukuba ekifaananyi, na okukuba ni kupiga, kama tusemavyo sisi. Kamera peke yake, ambayo kwa Kilatini ni chumba, imeingia katika lugha zote mbili ikabadilika lafudhi tu.