Mipaka ya Maji Bondeni Kwetu

Kila mwaka tunachangia maji. Safari hii tukumbushane jinsi mipaka ya maji ilivyowekwa, maana ndiyo huamua nani anawajibika bomba likikauka.

Mipaka ya utawala imebadilika mara kadhaa. Kilombero ilimegwa kutoka Ulanga, baadaye Malinyi nayo ikamegwa, na Ifakara ikapata halmashauri yake ya mji. Mito haikufuata mabadiliko hayo. Kwa sababu hiyo sheria ya maji ya 1974, iliporekebishwa mwaka 1981, iliigawa Tanzania Bara katika mabonde 9 yanayofuata mito badala ya wilaya. Ofisi ya Bonde la Rufiji ilianzishwa 1993, makao yake Iringa. Kilombero ni mojawapo ya sehemu zake nne, pamoja na Ruaha Mkuu, Luwegu na Rufiji ya Chini. Sheria Na. 11 ya 2009 iliendeleza mpango huo kwa bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji.

Maji ya bomba yana mipaka yake. Zamani miradi ya vijijini ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria Na. 5 ya 2019 iliihamishia RUWASA, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2019, na uendeshaji wa kila siku ukawa wa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Mijini zikabaki mamlaka za maji, ambazo Waziri huzianzisha kwa tangazo katika Gazeti la Serikali.

Sasa mji unapanuka, na kijiji cha jana ni mtaa wa leo. Eneo likihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, huhama pia pampu, tangi, madeni na akiba ya wananchi. Wazee wetu walichimba mitaro kwa majembe yao na kuchanga shilingi kwa shilingi. Pasipo daftari, siku ya makabidhiano jasho hilo litathibitishwa na nini?

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu utaziwezesha kamati za maji kuorodhesha visima, matangi na vituo vya kuchotea maji, na kuhifadhi risiti na mihtasari ya mikutano. Mlio mbali na mlio nyumbani, toeni mlichojaliwa.