Mpira wa juala na gari la waya ni kumbukumbu ya taifa

WIKI jana jioni jirani yangu alinibishia mlango, simu mkononi. Mwanawe wa Gredi ya Pili alikuwa ametakiwa kupeleka shuleni kichezeo kilichoundwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika nyumbani. “Mwalimu, unamjua fundi anayeuza gari la waya?” akauliza.

Nilicheka. “Baba Amani, si wewe uliendesha la kwako hadi mtoni?”

Naye akacheka, akaketi, akaanza kunieleza lilivyoundwa: waya wa ua, magurudumu ya ndara kuukuu, fimbo ndefu ya usukani. Kisha akakwama. Kile kipande kilichounganisha usukani na magurudumu ya mbele kilikuwa na jina lake kijijini kwao. Alilitafuta kinywani wee, lisipatikane.

Neno hilo lililompotea jirani yangu ndilo limenisukuma kuandika makala haya. Vichezeo vya kujitengenezea vina historia, na historia hiyo imehifadhiwa zaidi katika msamiati wa watoto kuliko katika vitabu. Msamiati huo tunauacha uende zake.

Kanuni ya vichezeo hivi ni nyepesi: kinachotupwa na mama jikoni ndicho kinachookotwa na mtoto uani. Zamani kilichotupwa kilitoka shambani na porini. Gunzi la mahindi likavishwa kitambaa likawa mtoto. Majani makavu ya mgomba yakaviringwa na kufungwa kamba yakawa mpira. Kule Turkana, kokwa ya koma, tunda la mkoma, ilipambwa kwa shanga na ngozi ikawa kichwa cha mwanasesere. Wanasesere wa namna hiyo wamehifadhiwa hadi leo katika makavazi.

Kisha likaja debe. Neno hili tulilipokea kutoka lugha za Bara Hindi, na chombo chenyewe kilikuwa mkebe mkubwa wa mafuta ya taa, wa galoni 4, yaani takriban lita 18. Mafuta yalipoisha debe halikutupwa. Lilipimia mahindi, lilitekea maji, na mafundi walilikata wakaunda koroboi. Vipande vilivyobaki viliishia mikononi mwa watoto. Baadaye mikebe ya mafuta ya kupikia ikawa ngoma na sufuria za kalongolongo, na vizibo vya soda vikawa magurudumu. Ukimwuliza mtu gari lake liliundwa kwa nini, atakutajia bila kujua bidhaa zilizokuwa zimefika dukani kwao.

Baada ya bati ikaja plastiki, na hapa lugha inatuchezea kidogo. Wakenya wengi waliuita mfuko wa plastiki “karatasi”. Vijana wa mitaani wakauita “juala”. Kwa hivyo “mpira wa makaratasi” tuliopiga shuleni haukuwa na karatasi hata moja! Ulikuwa majuala yaliyokunjwakunjwa na kukazwa kwa kamba za gunia. Mtafiti wa miaka 60 ijayo asiyeelezwa hilo atatuelewa visivyo kabisa. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mazingira yakapata nafuu. Lakini malighafi ya mpira ule ikaanza kuadimika, na watoto wakarudia matambara na soksi kuukuu. Sheria moja ya mazingira ilibadilisha mchezo uwanjani, na sidhani kuna aliyeandika hilo popote.

Mfano wa pili unatoka Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mhifadhi wa bahari Julie Church, akifanya kazi eneo la Kiunga, aliona watoto wakiunda vichezeo kwa ndara zilizoletwa ufuoni na mawimbi. Wazo hilo lilikua likawa kazi ya kuchonga sanamu za wanyama kwa ndara, ambayo leo inajulikana kama Ocean Sole. Biashara inayouza ng’ambo ilianza kwa watoto ambao hakuna aliyewafundisha.

Sasa turudi darasani. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulizipa kazi za mikono nafasi kubwa. Baadaye kazi hizo ziliondolewa katika mtihani wa kitaifa wa shule za msingi, na kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umezirudisha. Ni jambo jema. Ila mzazi akinunua kichezeo kilicho tayari ili mtoto apate alama, mtoto amejifunza nini? Hajakunja waya, hajatoboa kizibo, hajasuka kamba. Vitenzi hivyo atavikariri tu.

Tazama basi kamusi zetu. Zina mwanasesere, tiara, kishada, pia na manati. Ni sawa, lakini mtoto wa leo husema “doli”, na majina ya sehemu za gari la waya siyaoni kokote. Wenzetu wa Malawi huliita galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Mmarekani Karen Lynn Williams alichapisha kitabu cha watoto chenye jina hilo hilo. Neno la uani likaingia maktabani. La kwetu linasubiri nani?

Nilimwambia Baba Amani asinunue. Jumamosi walikaa uani na mwanawe, waya, koleo na ndara moja iliyokatika mkanda. Gari lilipinda upande, lakini lilikwenda. Jumapili asubuhi alimpigia mamake kijijini kumwuliza jina la kile kipande. Mama alikumbuka. Nimeliandika daftarini, nawe msomaji, andika la kwenu kabla anayelikumbuka hajaondoka.