Mawe ya Katanga na matibabu ya kansa: kutoka Shinkolobwe hadi nanochembe

Wasikilizaji wa Kapata, pamoja nanyi jamaa mliohamishwa mkaacha nyumba na makaburi ya wazee: historia ya mawe yetu tunaijua kwa upande wa pesa na wa vita. Upande wa hospitali hausimuliwi sana.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aligundua uraniamu Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wakati huo kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, kwani waganga wa Ulaya na Marekani walikwisha kuona kwamba mionzi yake inaua uvimbe wa kansa. Union Minière ilipeleka mawe hayo Olen, Ubelgiji, na tangu 1922 kiwanda cha huko kikatoa radiamu. Bei ya gramu moja, iliyokuwa imepita dola 100,000, ikashuka hadi dola 70,000 hivi. Radiamu nyingi ya hospitali za dunia ikawa inatokana na jasho la wachimbaji wa Katanga.

Kisha ikaja kobalti. Mwaka 1951, nchini Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashini ya kobalti-60. Kobalti ya mgodini siyo hiyo. Huwa kobalti-60 baada ya kuwekwa ndani ya kinu cha nyuklia. Basi mtu asidanganywe kwamba jiwe la Kolwezi likifungwa kwenye uvimbe linaponya.

Shida ya mionzi ni kwamba inaumiza hata nyama nzima, na seli ya kansa ikijeruhiwa huweza kujitengeneza tena. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wanawake wenye kansa ya shingo ya kizazi huishi zaidi wakipewa dawa ya sisiplatini pamoja na mionzi. Dawa hiyo huzuia seli isijitengeneze. Lakini inazunguka mwilini mote, inatapisha na kuumiza figo.

Ndiyo sababu leo watafiti wanaipakia dawa ndani ya nanochembe, vibebeo vidogo ambavyo mamia yake yakipangwa mstari ndiyo yanafikia unene wa unywele. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, hivyo vibebeo hupenya na kubaki pale, ingawa vingi hunaswa na ini njiani. Wengine hudunga chembe za metali ndani ya uvimbe wenyewe, ili mionzi ipige kwa nguvu zaidi pale tu. Mwaka 2019 Ulaya iliruhusu chembe za hafniamu kwa aina moja ya kansa ya nyama: uvimbe ulikufa karibu wote kwa wagonjwa 16 katika 100, dhidi ya 8 kwa waliopata mionzi peke yake.

Lakini yote hayo yanahitaji kwanza mashini ya mionzi. Jirani zetu wa Zambia walifungua rasmi hospitali yao ya kansa, Lusaka, mwaka 2007. Kwetu, sheria ya migodi ya 2018 inaipa provinsi asilimia 25 ya mrahaba. Swali la kuwapelekea wakubwa wetu ni moja: katika pesa hiyo, ni kiasi gani kinawekwa kwa ajili ya mashini ya mionzi, na kwa ajili ya watu wa kuiendesha?