Deki ya Diski: Mnunuzi wa Marekani kati ya Mwaka 1978 na 1984

Historia ya teknolojia mara nyingi husimuliwa kuanzia mwisho. Kwa kuwa tunajua kwamba kanda ya VHS ndiyo iliyoshinda, aliyenunua deki ya diski tunamwona kama mtu aliyekosea. Insha hii inadai kwamba hakukosea. Alichagua vizuri kwa bei na bidhaa alizoziona dukani siku ile, na kilichobadilika baadaye ni namna watu walivyozipata filamu.

Tarehe 15 Desemba 1978, mjini Atlanta, Magnavox, kampuni iliyomilikiwa na Philips ya Uholanzi, ilianza kuuza deki ya nyumbani iliyosoma diski za video kwa mwale wa leza. Filamu zilitolewa na MCA, wenye studio ya Universal. Diski ilikuwa na upana wa sentimita 30 kama santuri kubwa ya muziki, ila iling'aa kama kioo. Hakuna kilichoigusa ilipokuwa ikicheza, kwa hiyo haikulika. Tatizo lilikuwa kiwandani: diski nyingi za mwanzo zilitoka na kasoro na wateja wakazirudisha.

Mwezi Machi 1981 RCA nao wakaingia sokoni na deki iliyotumia sindano iliyopita katika michirizi, karibu kama gramafoni. Kwa kuwa vumbi na alama za vidole viliharibu picha, diski ilikaa ndani ya kasha la plastiki. Mtumiaji alilisukuma kasha ndani ya deki, akalivuta likiwa tupu, diski ikabaki ndani. Kila upande ulibeba saa moja tu, hivyo katikati ya filamu ilibidi mtu ainuke kuigeuza. Bei ilikuwa karibu dola 500, chini ya ile ya deki ya leza. Diski za RCA hazikuchezeka kwenye deki ya leza, wala za leza kwenye deki ya RCA. JVC ya Japani nayo ilikuwa imetangaza aina ya tatu, jambo ambalo lilimpa mteja mwenye wasiwasi sababu nzuri ya kusubiri.

Tujiweke basi katika nafasi ya mnunuzi wa mwaka 1981. Deki ya kanda ilimgharimu zaidi ya deki ya RCA. Filamu iliyokwisha kurekodiwa kwenye kanda iliuzwa dola 50 na kuendelea, wakati filamu nyingi za diski ziliuzwa chini ya dola 30. Kwa familia iliyotaka kujiwekea filamu zake kama ilivyojiwekea santuri, hesabu ilielekea upande wa diski.

Hesabu hiyo iliharibiwa na maduka ya kukodisha. Tangu mwaka 1977, George Atkinson alipoanza kukodisha kanda mjini Los Angeles, bei ya dola 50 ilianza kupoteza maana, kwani kanda moja iliweza kuzunguka mtaa mzima. (Sisi tuliowahi kulipa kiingilio katika kibanda cha video hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.)

Tena deki ya diski haikuweza kurekodi. Mwaka 1976 Universal walikuwa wameishtaki Sony kwa sababu ya deki ya Betamax, wakitaka kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani kuhesabiwe kuwa kosa. Ikumbukwe kwamba mmiliki wao, MCA, ndiye aliyekuwa akitengeneza diski zisizorekodi. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kurekodi kipindi ili kukitazama baadaye si kosa. RCA wenyewe walikuwa wakiuza deki za VHS tangu mwaka 1977, tena kwa jina lile lile waliloipa diski yao, SelectaVision. Mteja aliyemwamini RCA hangeweza kujua kampuni hiyo ilikuwa ikitegemea bidhaa ipi.

Mwezi Aprili 1984 RCA walitangaza kuacha kutengeneza deki hizo. Walikuwa wameuza zaidi kidogo ya nusu milioni, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 580. Lakini wenye deki walinunua diski nyingi kuliko kampuni ilivyotazamia, na kwa ajili yao diski ziliendelea kutolewa hadi mwaka 1986. Watu waliojuta hawanunui hivyo.

Wanaosema kwamba diski ilikufa kwa sababu haikurekodi tu wana swali la kujibu. DVD ilipofika Marekani mwaka 1997, nayo haikurekodi, na bado ilienea kwa kasi. Wakati huo, hata hivyo, maduka ya kukodisha yalikuwa kila mahali tayari kuipokea, na karibu kila nyumba iliyoinunua tayari ilikuwa na deki ya VHS ya kurekodia vipindi.