Jongoo bahari wa mchanga

Jongoo bahari wa mchanga (jina la kisayansi *Holothuria scabra*) ni mnyama wa baharini asiye na uti wa mgongo, wa ngeli ya Holothuroidea katika faila ya ekinodemata. Huishi kwenye maji mafupi ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, kuanzia Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi visiwa vya Pasifiki. Katika Tanzania hupatikana kwenye mafungu ya mchanga na tope yenye nyasi bahari, mazingira ya aina iliyopo kandokando ya Mlango wa Zanzibar, katika ukanda wa Mapinga, Kerege, Zinga, Mlingotini na Mbegani wilayani Bagamoyo. Kwa umbo anafanana na gunia dogo la tope lisilo na kichwa wala mkia, lakini makuzi yake yanamweka karibu na wanyama wenye uti wa mgongo kuliko walivyo kaa, kamba, pweza na konokono.

Jina na uainishaji

Spishi hii ilielezwa kisayansi na Jaeger mwaka 1833. Wavuvi huwatofautisha majongoo bahari kwa umbo na thamani: jongoo mchanga ndiye *Holothuria scabra*, pauni mweupe ni *Holothuria fuscogilva*, pauni mweusi ni *Holothuria nobilis*, na spinyo mama ni *Thelenota ananas*. Hana undugu wa karibu na jongoo wa nchi kavu, ambaye ni arithropoda.

Ekinodemata walio hai leo ni takriban spishi 7,000, na wote huishi baharini. Wamegawanyika katika ngeli tano: viti vya pwani, ndugu zao wenye mikono myembamba inayokatika kirahisi, wanyama wa duara wenye miiba ambao waokotaji huogopa kuwakanyaga, maua-bahari yenye manyoya, na majongoo bahari. Ngeli ya mwisho peke yake ina spishi zaidi ya 1,500.

Umbo

Mnyama mpevu huweza kufikia sentimita 40, ingawa wengi ni wafupi zaidi. Mgongo ni wa kijivu au mweusi, mara nyingi wenye mikunjo na mistari myepesi, na tumbo ni jeupe. Mdomo uko upande mmoja, umezungukwa na minyiri mifupi inayozoa mchanga. Tundu la haja liko upande wa pili. Mnyama hana ubongo, bali pete ya neva kuzunguka koo na nyuzi tano za neva zinazoelekea nyuma. Hupumua kwa viungo vyenye matawi vilivyo ndani ya mwili, ambavyo hujazwa maji na kutolewa maji kupitia tundu la nyuma.

Sifa tatu zinaonyesha kwamba ni ekinodemata. Ya kwanza ni mpangilio wa pande tano, ambao ndani ya mwili huonekana wazi katika neva, misuli na mirija. Kwa kuwa mnyama hulala ubavu, safu tatu za vimiguu ziko chini na mbili juu, ndiyo maana nje anaonekana ana mgongo na tumbo kama wanyama wengine. Ya pili ni mfumo wa mirija ya maji unaosukuma vimiguu hivyo. Ya tatu ni mifupa ya kalsiti. Kwa viti vya pwani mifupa hiyo ni vibamba vilivyoungana. Kwa jongoo bahari imepungua hadi kubaki vipande vidogo sana ndani ya ngozi, vyenye maumbo ya vimeza na vifungo, visivyoonekana bila hadubini. Wataalamu huvitumia kutambua spishi, hata pale mnyama anapokuwa ameshakaushwa.

Makuzi

Dume na jike hawatofautiani kwa nje. Wakati wa kuzaliana huinua sehemu ya mbele ya mwili na kumwaga mbegu na mayai majini, na utungisho hufanyika huko huko. Jike mmoja mkubwa huweza kutoa mayai zaidi ya milioni moja kwa mara moja.

Baada ya siku mbili hivi yai huwa lava aitwaye aurikularia, mwenye urefu usiofika au unaokaribia milimita moja, anayepenyeza nuru, na mwenye mkanda wa vinyweleo unaojipinda mwilini. Huelea na kula mimea midogo ya majini. Katika hatua hii ana upande wa kulia na wa kushoto kama mnyama mwingine yeyote wa pande mbili. Baadaye husinyaa na kuwa doliolaria, lava wa umbo la pipa asiyekula. Takriban wiki mbili baada ya utungisho huwa pentaktula, mwenye minyiri mitano ya kwanza, na hutua, hasa kwenye majani ya nyasi bahari. Akikua kidogo huteremka mchangani.

Mgeuko wa kutoka pande mbili kwenda pande tano huanzia kwenye kifuko kimoja cha upande wa kushoto wa lava. Kifuko hicho huzunguka koo, hufunga pete, na kutoa machipukizi matano ambayo huwa minyiri na mirija ya maji. Kwa wanyama wenye miiba, mnyama mpevu huota ndani ya lava na sehemu kubwa ya lava huachwa; kwa jongoo bahari, mwili wa lava kwa kiasi kikubwa ndio unaogeuzwa kuwa mwili wa mnyama mpevu.

Mageuzi

Mwaka 1908 Karl Grobben aliwagawa wanyama wengi wa pande mbili katika makundi mawili makubwa kwa kuangalia kiinitete. Katika wadudu, minyoo na konokono, kwa mtazamo huo, tundu la kwanza la kiinitete huhusika na mdomo. Katika kundi la pili, deuterostomia, tundu hilo huwa la haja, na mdomo hufunguka baadaye mahali pengine. Ekinodemata na wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwamo, wote ni deuterostomia.

Lava waliwahi kufichua undugu mwingine pia. Katika karne ya 19 Johannes Müller alieleza lava aitwaye tornaria, aliyedhaniwa kuwa mtoto wa kiti cha pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Élie Metchnikoff alionyesha kwamba tornaria hukua na kuwa mnyoo wa mchangani wa kundi la hemikordata. Leo ushahidi wa jeni unathibitisha kwamba hemikordata na ekinodemata ni ndugu wa karibu. Mwaka 1894 Walter Garstang alikwenda mbali zaidi, akapendekeza kwamba uti wa neva wa wanyama kama sisi ulitokana na mkanda wa vinyweleo wa lava mfano wa aurikularia. Nadharia yake haikubaliki leo kama alivyoiandika, lakini iliwafanya wanazuolojia wachukue umbo la lava kuwa ushahidi wa ukoo.

Visukuku vya ekinodemata vinaanzia kipindi cha Kambri, zaidi ya miaka milioni 510 iliyopita, na baadhi ya wale wa mwanzo hawakuwa na pande tano. Kutoka Moroko, *Helicocystis*, aliyeelezwa mwaka 2013, anahesabiwa miongoni mwa wa kale kabisa wenye mpangilio wa pande tano. Ukoo wa majongoo bahari uliangaziwa zaidi mwaka 2019 kwa kisukuku cha Uingereza kiitwacho *Sollasina cthulhu*, chenye umri wa miaka milioni 430. Huyu alikuwa ndugu wa majongoo bahari aliyekuwa bado na vibamba vigumu, jambo linaloonyesha kwamba mwili laini wa leo ni matokeo ya kupoteza gamba.

Jeni nazo zimeongeza maelezo. Jenomu ya mnyama mwenye miiba *Strongylocentrotus purpuratus*, iliyochapishwa mwaka 2006, ilikuwa na jeni zipatazo 23,000, nyingi zikiwa na jeni zinazolingana nazo kwa binadamu. Mwaka 2023 utafiti juu ya kiti cha pwani *Patiria miniata* ulionyesha kwamba jeni ambazo kwa wanyama wengine hupanga kichwa zimesambaa karibu mwili mzima, ilhali zile za kiwiliwili karibu hazionekani kwenye ngozi yake.

Uvuvi na biashara

Waswahili hawali majongoo bahari. Soko ni Asia ya Mashariki, hasa China. Huokotwa kwa miguu maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, au kwa kuzamia. Hutolewa utumbo, huchemshwa, husuguliwa na kukaushwa. Jongoo mchanga huhitaji kazi ya ziada: mara nyingi hufukiwa mchangani kwa muda ili tabaka la chokaa lilegee na kuondolewa. Chokaa hiyo ndiyo vile vimeza na vifungo vya kalsiti, mabaki ya mifupa ya mababu zake.

Uvuvi wa kupita kiasi ulisababisha serikali kuufunga uvuvi huu Tanzania Bara katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, wakati Zanzibar uliendelea. Orodha Nyekundu ya IUCN inamweka *Holothuria scabra* katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Pauni mweupe na pauni mweusi waliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Ufugaji na hifadhi

Jongoo mchanga alizalishwa kitotoleshoni kwa mara ya kwanza nchini India mwaka 1988. Tangu hapo ufugaji umeenea hadi Madagaska, na Zanzibar ina kitotoleshi huko Beit el Ras. Kazi yote hutegemea kujua hatua za lava: aurikularia hulishwa mimea midogo, na pentaktula hupewa sehemu ya kutua.

Baharini hakuna wa kuwasaidia. Kwa kuwa mbegu na mayai hukutana majini tu, majongoo waliobaki wachache na mbalimbali huweza kuishi miaka mingi bila kuzaa. Kufunga uvuvi peke yake hakutoshi mahali ambapo wakubwa wamekwisha. Ni lazima wabaki wengi, karibu karibu, kwenye fungu moja, na nyasi bahari ambazo watoto wao hutua juu yake zisikwanguliwe kwa nyavu za kukokota.